Kwani Shirika si Lake?

Swali hili limenifikia tena, na safari hii limetoka kwa mtu ambaye sikutegemea aliulize, yaani mjumbe wa bodi. Tulikuwa tukipitia hesabu za shirika dogo la vijana hapa Tanga, lenye chumba kimoja, vyerehani vichache na kundi la vijana wanaojifunza ushonaji na ufundi umeme wa majumbani. Nilikuwa nimehoji kwa nini kodi ya chumba imepanda mara mbili katika mwaka mmoja, ilhali mwenye chumba ni mkurugenzi mtendaji na mkataba wa pango umesainiwa na mtu huyo huyo pande zote mbili, juu kama mpangishaji na chini kama mpangaji. Mjumbe akanitazama kwa huruma kidogo, akasema: "Kwani shirika si lake?"

La, si lake. Nimelisema hili katika mafunzo, katika vikao vya ukaguzi, hata misibani, na kwa kuwa inaelekea nitaendelea kuulizwa, nimeona heri niliandike mahali pamoja.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2019, inalihesabu shirika kuwa ni muungano wa hiari wa watu wasiogawana faida. Usajili unalipatia shirika nafsi yake kisheria, kwa hiyo linaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake lenyewe. Hakuna hisa ndani yake, basi hakuna mwenye hisa. Aliyejaza fomu, akahangaika kutafuta barua za utambulisho na kulipa ada ya kwanza kutoka mfukoni mwake ni mwanzilishi, na uanzilishi ni heshima kubwa isiyoambatana na hati ya umiliki. Anayetaka kumiliki ana njia iliyo wazi na isiyo na aibu yoyote: aende BRELA, wakala wa usajili wa biashara, asajili kampuni yenye hisa, aajiri hao vijana, alipe kodi na ale faida yake mchana kweupe.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wetu wanalielewa jambo hili barabara inapokuwa harusi. Kamati ina mwenyekiti, ina mhazini, ina daftari la ahadi na kundi la WhatsApp la kuwasumbua wasiotimiza ahadi, na siku ya kuvunja kamati mhazini husoma mapato na matumizi hadi bei ya barafu. Sijapata kumsikia mtu akidai kwamba kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyeitisha kikao cha kwanza, salio ni lake. Watu hao hao wakialikwa kwenye bodi ya shirika la vijana, hukaa kimya kama wageni waalikwa.

Muundo wenyewe si mgumu, nami sitaurefusha. Wanachama katika mkutano mkuu huchagua bodi. Bodi hupanga mwelekeo, hupitisha bajeti na kumwajiri mkurugenzi mtendaji. Mkurugenzi huendesha kazi za kila siku na kutoa taarifa kwa bodi. Haya yamo katika katiba ya karibu kila shirika nililolipitia, mara nyingi kwa maneno yaleyale, hata makosa ya uchapaji yaleyale, kwa sababu katiba zenyewe hunakiliwa kutoka shirika moja hadi jingine.

Ninapopoteza subira ni pale watu wanaposikia hayo, kisha wakaruka upande wa pili na kudhani kwamba tatizo ni undugu. Wananiletea orodha: mwenyekiti ni mjomba wa mkurugenzi, mhazini ni shemeji yake, na katibu wa bodi ni mkurugenzi mwenyewe. Katika orodha hiyo, ukatibu si tatizo hata kidogo. Ni kawaida, na ni busara, mkurugenzi awe katibu wa bodi, kwa sababu ndiye mwenye taarifa na ndiye atakayetekeleza maazimio. Linalotakiwa ni kwamba asipige kura, na kwamba atoke nje ya chumba bodi inapojadili mshahara wake au mkataba unaomhusu. Undugu nao ni tatizo, lakini si la aina wanayoifikiria. Katika mji mdogo utampata wapi mhasibu aliye tayari kukaa vikao vya jioni bila malipo, kama si shemeji yako? Mjomba anayeuliza maswali ni bora kuliko mgeni anayesinzia. Undugu ukitamkwa, ukaandikwa katika muhtasari na mhusika akajitoa katika uamuzi unaomgusa, shirika linaweza kuishi nao kwa miaka. Ukifichwa, siku utakapojulikana hata maamuzi yaliyokuwa halali yataonekana wizi.

Kwa hiyo mimi siulizi kwanza nani ni ndugu wa nani, bali huomba kitabu cha hundi. Akaunti ya shirika huwa na watia saini wa makundi mawili, kundi A kutoka utendaji na kundi B kutoka bodi, na kila malipo huhitaji mmoja kutoka kila upande. Ni utaratibu mzuri, na benki huusisitiza. Kisha unakifungua kitabu na kukuta kwamba mhazini wa bodi amekwisha kusaini kila jani lililobaki, hadi la mwisho: tarehe tupu, jina la mlipwaji tupu, kiasi tupu, na pembeni chini saini yake ya wino wa bluu ikijirudia ukurasa baada ya ukurasa, ikizidi kuwa ya haraka kadiri mkono ulivyochoka. Ukimuuliza, atakujibu kwa wema kabisa kwamba anafanya kazi wilaya nyingine na hakutaka kuchelewesha mradi wa vijana. Siku hizi wengine wamehamia benki ya mtandaoni, na saini imegeuka kuwa nywila ambayo mhazini amempa karani wa ofisi kwa ujumbe wa simu. Hakuna aliyeiba chochote, naomba hilo lieleweke. Lakini shirika hilo lina mtu mmoja tu anayeamua kuhusu fedha, hata kama katiba inataja wajumbe saba wa bodi.

Kitu cha pili ninachoomba ni mihtasari ya vikao, na humo natafuta mahali ambapo mjumbe ameuliza swali. Mihtasari mingi haina hata moja. Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:00 asubuhi, akidi ilitimia, taarifa ya fedha ilisomwa na kupokelewa, kikao kilifungwa kwa sala. Nimewahi kuona taarifa ya fedha iliyopokelewa kwa namna hiyo ikiwa na fungu la dizeli katika shirika lisilo na gari wala jenereta. Dizeli hiyo ilikuwa na maelezo halali, maana waliazima gari la jirani kupeleka vijana kwenye mashindano, lakini maelezo hayo niliyapata mimi kwa kuuliza, wakati watu saba wenye dhamana walikuwa wameipitisha bila kujua. Vivyo hivyo masurufu, yaani fedha ambazo watu hupewa mapema kwa ajili ya kazi, ambayo hayajarejeshwa: yanahamishwa kutoka taarifa ya robo hii hadi ya robo ijayo, na hakuna anayeuliza ni nani aliyeyachukua na stakabadhi ziko wapi.

Wanaosema kwamba haya ni urasimu wa kuwafurahisha wafadhili, nawaomba wafikirie kiwanja. Kisa hiki kina sura nyingi lakini ni kilekile. Shirika linaanza kabla ya kusajiliwa, wasamaria wema wanachanga, kinapatikana kiwanja cha kujenga kituo cha vijana, na kwa kuwa shirika bado halina cheti, mkataba wa mauziano unaandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwa jina la mwanzilishi. Wote wanakubaliana kwa mdomo kwamba mali ni ya vijana. Cheti kinakuja, miaka inapita, ukuta unajengwa hadi kwenye lenta, na hakuna anayekumbuka kubadilisha jina, kwa sababu kulitaja jambo hilo kungeonekana kumshuku mzee. Mzee anafariki dunia. Familia inakaa kikao cha ukoo, inamteua msimamizi wa mirathi, inakwenda Mahakama ya Mwanzo, na katika orodha ya mali za marehemu kiwanja kinaandikwa pamoja na nyumba na baiskeli. Watoto wake hawasemi uongo. Karatasi ina jina la baba yao. Bodi inapofika pale na kumbukumbu za mdomo, inakuwa imechelewa mno, na mara nyingi inajikuta ikiomba kununua tena kitu kilichokwisha kununuliwa kwa ajili ya vijana. Dawa yake ilikuwa ajenda moja katika kikao kimoja. Hata kwa jumuiya zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, ambazo usajili huo peke yake hauzipi nafsi ya kisheria, njia ipo: kusajili wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, ili mali ishikwe na chombo kisichokufa.

Kuhusu posho nitakuwa mfupi, kwa sababu mjadala wake hauna mwisho. Mjumbe wa bodi hujitolea. Nauli, maji na chakula cha mchana si rushwa. Posho ya kikao inayozidi ujira wa mwezi wa mwalimu wa ushonaji ni aibu, hata kama mfadhili ameikubali katika bajeti.

Suala la vijana wenyewe kuwa viongozi wa shirika la vijana linastahili maneno zaidi. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana humhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo binti wa miaka 16 aliye katika darasa la ushonaji ni kijana kwa sera na mtoto kwa sheria. Hawezi kuingia mkataba, hivyo hawezi kuwa mtia saini benki, na baadhi ya wakurugenzi hulichukua hilo kama sababu ya kutomweka popote. Wengine huweka kiti kimoja cha "mwakilishi wa vijana", wakampa mtu wa miaka 34 ambaye amekuwa mwakilishi tangu alipokuwa na miaka 26, na ambaye kazi yake vikaoni ni kufungua projekta. Hakuna sheria inayomzuia binti yule kusikilizwa na bodi, kusoma bajeti ya darasa lake na kusema kwamba nyuzi zilizoandikwa katika hati ya malipo hazikufika. Ukaguzi wa aina hiyo hata mimi siuwezi, maana mimi sijui nyuzi ngapi zilifika.

Sasa niseme jambo ambalo miongozo ya utawala bora hulikwepa. Mashirika ya vijana niliyoyaona yakidumu, karibu yote yalikuwa na mwanzilishi mkaidi, anayeamka usiku kwa sababu kijana mmoja amekamatwa na polisi, anayekopa kwa jina lake ili kulipia mitihani ya ufundi ya VETA. Na nimeona mashirika yenye bodi safi, mihtasari ya kupendeza na sera ya kila jambo, yakifa polepole kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Ukiniuliza ni shirika lipi kati ya hayo ningelipatia fedha zangu, nitasita. Vilevile sina hakika kwamba shirika ambalo bajeti yake ya mwaka haifikii bei ya bodaboda linapaswa kubeba mzigo uleule wa taarifa ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa na ada, wakati malipo ya mkaguzi peke yake yanaweza kumeza fedha za vyerehani. Ninawaandalia mzigo huo kwa sababu sheria inautaka na kwa sababu ni mkate wangu, lakini sitajifanya kuwa naona uwiano.

Nadhani pia tunawahukumu vibaya waanzilishi wanaong'ang'ania. Tunasema ni uchu wa madaraka, na kwa wengine ni kweli. Lakini mfikirie mtu aliyeanza akiwa na miaka 30, akajitolea kwa miaka kumi bila mkataba wa ajira kwa sababu bodi iliona ni jambo zuri "moyo wa kujitolea" uonekane katika andiko la mradi. Hakuna mchango hata wa mwezi mmoja uliokwenda NSSF kwa jina lake. Hana kiinua mgongo, hana pensheni, na watoto wake wamefika sekondari. Anapoambiwa aachie ngazi kwa mujibu wa katiba, anaambiwa aondoke mikono mitupu kutoka mahali alipoweka ujana wake, naye anaanza kusema shirika ni langu kwa sababu hana kitu kingine cha kusema. Ile kodi ya chumba iliyopanda mara mbili ilikuwa na historia hiyo nyuma yake. Haikuifanya iwe halali, na niliiandika katika hoja za ukaguzi kama ilivyo. Lakini katika mapendekezo niliitaka bodi impe mkurugenzi mkataba wa ajira wenye mshahara unaoonekana na michango ya hifadhi ya jamii, ijadili pango upya yeye akiwa nje ya chumba, na ilinganishe bei na vyumba vingine vya mtaa huo. Mjumbe aliyeniuliza lile swali alitaka kujua nani atakayeitisha kikao hicho. Nikamwonyesha ibara katika katiba yao inayoruhusu theluthi moja ya wajumbe kukiitisha kwa barua, na kwa kuwa wajumbe walikuwa watatu mle chumbani, tukaiandika barua hapohapo.