Je, wajua kwa nini chipu iliyo hai hukataa kuonekana na kompyuta?

Chipu nyingi zinazotupwa kwenye meza za mafundi na wanafunzi wa elektroniki hapa Dodoma hazijafa. Mtu anatengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya shamba la zabibu, tuseme kule Hombolo, kwa kutumia bodi ndogo ya Blue Pill yenye maikrokontrola STM32F103, yaani chipu moja iliyo kompyuta ndogo kamili. Jana alipakia programu kwa dibaga, kile kidude cha ST-Link kinachochomekwa kwenye USB, ikaingia bila shida. Leo anataka kubadilisha mstari mmoja tu, na kompyuta inamwambia haioni chipu yoyote. Anaamua imeungua, anaagiza nyingine.

Uamuzi huo una hoja zake. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki hewa huwa kavu. Hewa kavu kweli husaidia umeme tuli kujikusanya mwilini. Chipu hii imepimwa kuhimili mshtuko wa umeme tuli wa voltu 2,000, na binadamu anaweza kubeba zaidi ya hapo, kwa hiyo kusema haiwezi kuuawa kwa njia hiyo si kweli. Lakini itazame taa ya bodi. Bado inawaka na kuzimika kwa mpangilio uleule ulioandikwa jana. Kiini cha chipu kinasoma maagizo, kumbukumbu inayatoa, saa yake inapiga. Inawezekana pini ya mawasiliano iungue peke yake na sehemu nyingine zote zisalimike, ila hilo ni la kushuku mwisho, baada ya mengine yote kushindikana.

Wengine hulaumu kumbukumbu: imechoka kwa kupakiwa mara nyingi. Mtengenezaji anatoa dhamana ya kufuta na kuandika mara 10,000. Anayepakia mara 20 kila siku, bila kupumzika hata Jumapili, atafika huko baada ya siku 500. Tena kumbukumbu iliyochakaa huharibu programu. Haizuii dibaga kuiona chipu.

Nyaya zikaguliwe kwanza, kwa sababu ni kazi ya dakika moja: waya wa ardhi (GND) wa dibaga na wa bodi ziungane, voltu 3.3 zifike, nyaya ziwe fupi. Zikiwa ndefu, punguza kasi ya mawasiliano kutoka kilohezi 4,000 hadi 480 au chini yake. Kama bado kimya na taa inawaka, wa kushukiwa kwanza ni programu yenyewe.

Dibaga huzungumza na chipu kwa nyaya mbili za ishara: SWDIO hupitisha data, SWCLK hutoa mapigo. Kwenye STM32F103 nyaya hizo huingia kwenye pini PA13 na PA14. Pini hizo si za dibaga peke yake. Programu inaruhusiwa kuzichukua, iwashie taa au isomee swichi, na kuna amri moja inayoweza kuifunga njia yote. Wengi hawajui kwamba STM32CubeMX, programu inayoandaa msimbo wa kuanzia, huiandika amri hiyo yenyewe kwa familia hii ya chipu endapo hukuchagua aina ya dibaga. Mtu anajifungia nje bila kuandika neno lolote.

Fikiria Soko la Majengo. Alfajiri njia kati ya vibanda ni nyeupe, unapita na mkokoteni. Kukikucha, muuzaji anapanga nyanya na viazi hadi katikati ya njia, na ukija saa nne hupiti. Njia haijabomoka, imejaa. Kila riseti, yaani chipu inapoanzishwa upya, ni alfajiri mpya: PA13 na PA14 hurudi kuwa za dibaga, na hukaa hivyo mpaka programu ifikie mstari wa kuzichukua, jambo ambalo huenda likatokea ndani ya milisekunde chache. Kompyuta haiwezi kuwahi kwa kubahatisha. Dawa ni kurefusha alfajiri. Pini ya NRST, ile ya riseti, ikishikiliwa kwenye voltu sifuri, muuzaji, yaani programu yako, hawezi kuamka, lakini sehemu ya chipu inayoongea na dibaga haizimwi na riseti hiyo. Dibaga inaingia, inaacha agizo kwamba kiini kisimame kabla ya amri ya kwanza ya programu, kisha riseti inaachiwa. Muuzaji anaamka na kukuta ameshikwa mkono kabla hajatoa nyanya hata moja.

Katika programu za kupakia, chagua kuunganisha chini ya riseti (Connect under reset). Tahadhari: kwenye ST-Link nyingi za bei nafuu, pini ya RST ni ya chipu za familia nyingine, STM8, na haifanyi kazi hii. Hapo bonyeza kitufe cha riseti kwa kidole, amuru kompyuta iunganishe, kisha achia, huenda ukarudia. Au hamisha kijiti (jumper) cha BOOT0 kwenye bodi kiwe 1, BOOT1 kibaki 0, ubonyeze riseti. Chipu itaanza na programu ya kiwandani badala ya yako, na utaweza kuifuta.

Kifaa cha shambani kina sababu ya pili: usingizi. Ili betri idumu, chipu hulala kati ya vipimo, na katika usingizi mzito saa yake husimama, dibaga ikapoteza mawasiliano. Kuunganisha chini ya riseti hutibu hilo pia. Hata hivyo ni vizuri kuweka sekunde tatu za kusubiri mwanzoni mwa programu, kabla ya usingizi wa kwanza, na kutoa waya wa NRST nje kabla hujaziba kasha kwa gundi.