Terminali ya "waja leo waondoka leo": dhana potofu na ukweli

Kijana mmoja wa Ngamiani alinijia na laptopu ya Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, kwapani. "Shikamoo anko. Linux imekufa, nipigie Windows." Nikamwambia afungue terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nione. Dirisha likachomoza, likapotea hata miwani sijavaa. Ule msemo wa mji wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, ulikuwa kama umetungwa kwa ajili ya dirisha lile.

Kisa chenyewe kidogo. Alitaka kila akifungua terminali aone tarehe. Akaingia kwenye profaili, yaani mipangilio ya terminali, akaweka tiki pa kuendesha amri yake badala ya sheli, akaandika `date`. Amri hiyo huonyesha tarehe ikamaliza kazi. Na profaili ilikuwa na agizo lake la kawaida: amri ikiisha, funga dirisha. Mashine ilitii neno kwa neno.

Dhana: terminali isipofunguka, Linux imeharibika

Terminali ni programu kama kikokotoo kilivyo programu. Kazi yake ni kuchora dirisha. Anayepokea amri zako ni sheli (si ile ya kujazia mafuta), na kwenye Ubuntu kwa kawaida ni Bash. Profaili inashika rangi, fonti na amri ya kuanzia. Ukikosea humo, mfumo wenyewe hauna habari.

Ushahidi huu hapa: bonyeza Ctrl+Alt+F3. Skrini inakuwa nyeusi, inakuomba jina na nywila. Nywila haionekani unapoiandika, hata kwa nyota. Usidhani kibodi nayo imekufa. Ukiingia, una sheli nzima bila dirisha lolote. Kwenye Ubuntu unarudi ulikotoka kwa Ctrl+Alt+F2.

Dhana: bila terminali, amri utaandika wapi?

Hii ndiyo iliyomkimbiza kijana wangu kwa fundi. Bonyeza Alt+F2, kisanduku kinatokea, andika:

`gnome-terminal --preferences`

Mipangilio inafunguka yenyewe, sheli haiguswi. Tukachagua profaili yake, tukaingia kwenye kichupo cha amri, tukatoa tiki. Dakika mbili hazikufika.

Njia ya pili, kutoka kisanduku hichohicho, ni `gnome-terminal -- bash`. Zile deshi mbili zikifuatwa na nafasi zinamaanisha: iache amri ya profaili, endesha hii ninayokupa. Hii inafaa ukitaka terminali sasa hivi, marekebisho baadaye.

Dhana: iondoe programu, uiweke upya

Unachoma bando bure. Mipangilio ya profaili haikai kwenye programu. Inakaa kwenye folda yako ya nyumbani, ndani ya dconf, hifadhi ya mipangilio ya mtumiaji, faili `~/.config/dconf/user`. Hata ukiondoa kwa `apt purge`, folda hiyo haiguswi. Programu inarudi, inakuta ile amri mbovu inaisubiri.

Dhana: basi futa hiyo faili

Taratibu. Humo mna pia picha ya ukutani, lugha za kibodi, mpangilio wa aikoni, na mengine uliyoyapanga mwaka mzima. Futa tawi moja tu:

`dconf reset -f /org/gnome/terminal/`

Mkwaju (/) wa mwisho usiuache. Na ukibakiza mkwaju peke yake bila njia, umefuta mipangilio yote ya dconf, kwa hiyo soma ulichoandika kabla ya kubonyeza Enter. Mimi hutanguliza nakala: `dconf dump /org/gnome/terminal/ > terminali.txt`. Ukijuta, unairudisha kwa `dconf load /org/gnome/terminal/ < terminali.txt`. Kama amri ya dconf haipo, kifurushi chake Ubuntu kinaitwa dconf-cli.

Usiweke `sudo` mbele ya `dconf`. Najua mkono umezoea. Lakini ukiiweka unazungumzia mipangilio ya root, yule mtumiaji mkuu wa mfumo, siyo yako, halafu unarudi kulalamika kwamba hakuna kilichobadilika.

Wanaotumia KDE, mazingira mengine ya eneokazi la Linux, na terminali yake Konsole, wana nafuu: profaili zao ni faili za maandishi ndani ya `~/.local/share/konsole`, unazifungua kwa kihariri chochote.

Dhana: dirisha likijifunga, mkosaji ni profaili

Mara nyingi, siyo mara zote. Mtu anaweza kuwa amebandika mstari wenye `exit` ndani ya `.bashrc`, faili ambayo Bash huisoma inapoanza, na dirisha likafa vilevile. Kutofautisha ni rahisi. Ile Ctrl+Alt+F3 ikikutupa nje nayo baada ya nywila, iache profaili, ukamkague `.bashrc`: Ubuntu huisoma huko pia. Kwenye Alt+F2 andika `gnome-terminal -- bash --norc`, unaingia bila faili hiyo kusomwa, unaufuta mstari wenye kosa. Ukishindwa kuutambua, nakala safi iko `/etc/skel/.bashrc`, ya kwako ibadilishe jina kwanza, usiitupe.

Kijana wangu bado alitaka tarehe yake. Nikamwonyesha mahali pake: mstari wa mwisho wa `.bashrc`, neno `date`, basi. Akafungua terminali. Tarehe ikatokea, chini yake kishale kikawa kinapepesa kikisubiri amri. Akaifunga, akaifungua tena, akaifunga, akaifungua. Windows hakuiulizia tena.