Hofu ya Tendo la Ndoa Si Kiburi

Mke anaosha vyombo mpaka usiku wa manane, akisubiri mumewe asinzie kwanza. Mwingine anamlaza mtoto katikati ya kitanda. Mume naye anabaki stejini na bodaboda yake hata abiria wakiisha. Hapa kliniki kwetu Kampala wanandoa huja wakilaumiana kwa kiburi, uchawi au mchepuko. Mara nyingi tunachokuta ni hofu.

Hofu hiyo ina chanzo. Kuna wanawake ambao misuli ya uke hujibana yenyewe, hata kidole cha daktari kikikaribia. Hali hii huitwa vajinismasi, na mwanamke haifanyi kwa kusudi. Wengine wana maambukizi au makovu ya uzazi mgumu. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria hapa Uganda mwaka 2010, lakini kule Sebei na Karamoja wapo waliokeketwa ambao bado wanaumia. Wapo pia waliobakwa, utotoni au wakati wa vita vya kaskazini. Mwanaume aliyeshindwa siku moja huanza kujichunguza kila akipanda kitandani, na wasiwasi huo ndio unaomkwamisha tena.

Anayekwepa hupata nafuu papo hapo, na hapo ndipo hofu inapokomaa: mwili huamini umeponea chupuchupu, kesho unaogopa zaidi. Nawaheshimu ssenga, yaani mashangazi wa Buganda, wamewafunda mabinti wengi, ila ushauri wa “jikaze, utazoea” siukubali hata kidogo. Ukilazimishwa unaumia, na ukiumia hofu inapata ushahidi.

Matibabu yapo. Daktari huanza kwa kutafuta chanzo cha maumivu. Mwanaume hupimwa sukari na presha, maana magonjwa hayo hupunguza nguvu za kiume. Kisha, kwa makubaliano, tendo lenyewe husitishwa kwa muda. Wanandoa hurudia kushikana mikono, kukandana mgongo, bila kudaiana zaidi, na anayeogopa akisema basi, ni basi. Polepole mwanamke hufundishwa kulegeza misuli ya nyonga, na aliyeumizwa zamani hupata mshauri wa kuzungumza naye.

Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Anzia hapo au kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Nendeni wawili ikiwezekana. Kama nyumbani kuna kipigo au kulazimishwa, nenda peke yako, umwambie muuguzi hilo kabla ya jambo lingine lolote.