Uviking ni kazi, si kabila

Ikicheza Norwei au Iceland, mtangazaji hakosi kutukumbusha kwamba hawa ni "kabila la Waviking". Siku hizi wamezuka na wanaopima vinasaba, wakajibiwa kuwa wana asilimia kadhaa ya damu ya Kiviking. Ya mpira nimeyavumilia miaka yote. Hili la damu limenishinda.

Maana yenyewe ni fupi. Mviking ni mtu aliyetoka Skandinavia, yaani Denmark, Norwei na Sweden za leo, akaenda ng'ambo kwa chombo kupora, kupigana au kutafuta mali. Zama zao huhesabiwa kuanzia 793, iliposhambuliwa monasteri ya Lindisfarne huko Uingereza, hadi 1066, mfalme Harald Hardrada wa Norwei alipouawa katika vita vya Stamford Bridge, kaskazini mwa Uingereza. Na pembe kwenye kofia, tafadhali, tuziache, hazikuwepo.

Kinachotuponza ni kiambishi chetu wenyewe. Wachaga, Wamakonde, Waviking: sikio limeshapata kabila la tatu. Lakini wa- hiyohiyo ndiyo ya wavuvi, wawindaji na wachuuzi, na Waviking mahali pao ni huku. Katika Kinorsi cha kale, lugha ya Skandinavia ya zama hizo, víking ilikuwa safari yenyewe, na víkingr ni yule aliyeifanya. Pale Västra Strö, katika Skåne, kusini mwa Sweden, lipo jiwe lenye maandishi ya runi, herufi za kale za huko: Fader amelichongesha kumkumbuka nduguye Assur, aliyefia kaskazini "katika víking". Huwezi kufia katika kabila. Mvuvi wa pwani yetu huenda dago, akakaa huko msimu mzima, kisha akarudi kwao. Hajatokea mtu wa kumwita wa kabila la Wadago.

Asili ya neno bado inabishaniwa. Wapo wanaolitoa kwenye vík, yaani ghuba, mahali pa kujibanza na chombo. Wengine wanalitoa kwenye Viken, nchi iliyozunguka ghuba ya Oslo. Wengine wanashika wic ya Kiingereza cha kale, iliyomaanisha kambi au kituo cha biashara, na hoja yao ina uzito: Waingereza walikuwa na neno wicing kwa maana ya haramia hata kabla ya Lindisfarne. Chagua utakayo, katika zote tatu hutapata ukoo wala nasaba.

Majirani nao hawakuwajua kwa jina hilo kama taifa. Wafaranki, watawala wa Ufaransa ya wakati huo, waliwaita watu wa Kaskazini, na ndiko lilikotoka jina la Normandy, nchi aliyopewa kiongozi wao Rollo mwaka 911. Waingereza waliwaita Wadenmark, hata waliotoka Norwei. Upande wa mashariki waliitwa Rus, jina tulilonalo mpaka leo ndani ya Urusi. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwakuta kando ya mto Volga mwaka 922 akawaandika kwa jina hilohilo, na kusema ni warefu kama mitende. Waarabu wa Andalusia, yaani Hispania ya Kiislamu, waliovamiwa Sevilla mwaka 844, waliwaita majusi. Ndiyo, neno lilelile la mamajusi wetu.

Sasa turudi kwenye damu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya watu 442, wengi wao wa zama hizo. Huko Orkney, Scotland, walikuta wanaume waliozikwa na panga za Kiviking, kwa desturi zote za Kiviking, ilhali kwa nasaba ni wenyeji. Hao waliuingia Uviking kama mtu anavyoingia kazi.

Na mengi tunayowasifia Waviking hayakufanywa kwenye uvamizi. Baraza la Althingi, lililoanza Iceland mwaka 930, lilikuwa la wakulima na wafugaji. Katika kisiwa cha Gotland, Sweden, kwenye shamba la Spillings, ilifukuliwa mwaka 1999 hazina ya madini ya fedha ya kilo 67 hivi, ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirhamu za nchi za Kiislamu. Fedha ya namna hiyo ilifika kaskazini zaidi kwa biashara ya manyoya na ya watumwa; na mtumwa aliyeuzwa alikuwa mara nyingi ametekwa na Mviking, kwa hiyo sisemi mikono ilikuwa safi.

Ukisema "zama za Waviking" hakuna ubaya, hata wanahistoria husema. Ila yule mama aliyebaki nyumbani akifuma tanga la sufu na kukamua ng'ombe, mwite Mdenmark au Mnorwei wa karne ya 10. Mviking ni mumewe, tena kwa ile miezi aliyokuwa safarini.