Farasi koo ni yupi?

Nenda mnadani Msalato na mzee anayejua ng'ombe, umwambie unataka mtamba. Haanzi na bei. Atainama atazame kiwele, ainue mkia, kisha aulize: "Mama yake yuko wapi?"

Mtamba ni jike ambaye hajazaa. Akishazaa, ukamweka kwa ajili ya uzazi, huyo ni koo. Siku hizi neno hilo tunalisikia zaidi kwa kuku, lakini ni la mnyama yeyote wa kufugwa.

Dodoma tuna punda wa kubeba maji. Farasi ni wa kuhesabu. Lakini farasi wa mbio aina ya Tharobredi naye hupita njia hiyohiyo: hukimbia akiwa mtamba, mara nyingi tangu miaka miwili, halafu hustaafishwa mapema akazae. Mimba yake ni miezi 11, mtoto mmoja kwa mwaka, tena akijaliwa. Dume anaweza kupanda majike zaidi ya mia msimu mmoja. Na uhimilishaji, ambao wafugaji wetu wa maziwa wameuzoea, huku ni marufuku: mtoto aliyepatikana kwa mrija haandikishwi. Ndiyo maana koo mzuri ana bei ya kutisha.

Mfano ninaoupenda ni Urban Sea, aliyezaliwa Marekani mwaka 1989. Mwaka 1993 alishinda Arc, mbio za farasi kubwa kabisa za Ufaransa, kule Paris, wengi wakaona kabahatisha. Kisha akazaa. Mwanawe Galileo alishinda Derby ya Epsom, mbio maarufu za Uingereza, 2001, na baadaye akawa dume anayeongoza kwa watoto washindi Uingereza na Ayalandi mara 12. Mwingine, Sea The Stars, alitwaa Derby 2009, na Oktoba mwaka huohuo akashinda Arc ileile ya mama yake. Mama hakuyaona, alikufa Machi, baada ya kuzaa.

Zenyatta, farasi jike wa mbio wa Marekani, kwa upande wake, alikimbia mara 20 akashinda 19. Kwa mbio alimzidi Urban Sea mbali, ila katika watoto wake hakuna aliyemkaribia.

Kwa hiyo kwenye minada ya farasi hao, kijitabu cha mauzo hutaja mama, bibi na wazao wao, na walioshinda mbio kubwa huandikwa kwa herufi nene. Mnunuzi hupitisha kidole hapo kwanza, ndipo atoke nje kumtazama mnyama mwenyewe.