Seva ya SMS imekataa kuzimika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ramadhani ikikaribia, au shule zikikaribia kufunguliwa, maduka, SACCO za matatu na madrasa za Mombasa hutuma meseji kwa maelfu ya watu karibu kwa wakati mmoja. Seva inalemewa, fundi anataka kuizima aiwashe upya, nayo haizimiki. Hapo kila aliye ofisini huwa na maelezo yake, na mengi si sahihi. Mfano wangu ni Kannel, programu huria ya kutuma SMS ambayo chimbuko lake ni Ufini mwaka 1999. Sehemu yake inayoungana na mitambo ya kampuni za simu huitwa bearerbox, na aghalabu ndiyo inayogoma.

“Imeganda.”

Mara nyingi haijaganda, iko kazini. Ukiandika `kill` na namba ya programu, Linux, mfumo unaoendesha seva, huipelekea ishara nambari 15, ambayo ni ombi la adabu: maliza ulichoshika, kisha ondoka. Bearerbox hulipokea ombi hilo na kujaribu kumaliza meseji zilizo kwenye foleni kabla ya kufunga. Sasa piga hesabu. Tuseme foleni ina meseji 9,000, na mkataba wako na kampuni ya simu unaruhusu 10 kwa sekunde. Hizo ni sekunde 900, yaani robo saa nzima. Fundi aliyekodolea skrini macho kwa dakika tatu ataapa kwamba mashine imekufa.

Kabla ya kuapa, fungua ukurasa wa hali ya Kannel (kwenye mipangilio ya mfano huwa mlango 13000, yaani namba ambayo programu hupokelea miunganisho ya mtandao) utazame idadi ya meseji zinazongoja. Ikiwa inashuka, kanywe kahawa. Ikiwa imesimama palepale, kuna kitu cha nje kinachongojwa: jibu la kampuni ya simu, hifadhidata, au smsbox, sehemu ya Kannel inayoipa bearerbox meseji za kutuma, ambayo bado imeshika muunganisho. Amri ya `ss -tnp` itakuonyesha ni nani. Ukiona muunganisho wa mlango 2775 haujafungwa, huo kwa kawaida ni wa SMPP, laini ya kampuni ya simu. 3306 ni MySQL, yaani hifadhidata. Dakika moja ya kusoma orodha hiyo inakupa jibu ambalo mabishano ya asubuhi nzima hayatoi.

“Piga `kill -9`, yaishe.”

Yataisha, lakini kwa gharama. Ishara nambari 9 haiifikii programu hata kidogo. Kerneli, kiini cha Linux, ndiyo inayoing'oa. Programu haipati nafasi ya kuaga kampuni ya simu wala kuweka hesabu zake sawa.

Tazama meseji moja tu. Seva imeituma kwa `submit_sm`, kampuni ya simu imeipokea, lakini jibu lake, `submit_sm_resp`, bado liko njiani. Ukiua programu wakati huo, kwenye daftari la seva meseji hiyo bado haijatumwa. Ukiiwasha tena, inatumwa tena. Mzazi wa Likoni anaarifiwa karo ya mtoto mara mbili, anapiga simu shuleni kuuliza: “Mwalimu, hii ni ya muhula mmoja ama miwili?” Nawe unalipia zote mbili.

Kinyume chake pia hutokea. Kama hukuweka `store-location` kwenye mipangilio, foleni imekaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, na `-9` inaifuta yote. Hata ripoti za kufika kwa meseji hupotea ikiwa zinahifadhiwa ndani kwa ndani badala ya hifadhidata, ingawa hizo hupotea hata ukizima kistaarabu. Nashangaa ni ofisi ngapi zinazoendesha biashara ya watu bila kuangalia foleni na ripoti zao zinahifadhiwa wapi.

Kuna njia ya kati. Peleka ishara ya 15 mara ya pili. Bearerbox inaelewa kwamba huna subira na kuacha kungoja. Ukiipeleka mara ya tatu, inaandika kwenye logi, daftari lake la matukio, kwamba haiwezi kufa kwa hiari yake, kisha inajiangusha. Logi hiyo ina thamani, kwa sababu `-9` haiachi neno lolote.

“Nimeiua, lakini haifi.”

Angalia namba yake. Ikiwa imebadilika, ile ya kwanza ilikufa, na hii ni nyingine. Kannel ikiwashwa na chaguo la `--parachute` huwa na mlinzi anayeiinua kila inapoanguka. Systemd, programu ya Linux inayowasha na kuzima huduma, nayo hufanya hivyohivyo ikiwa huduma imeandikiwa `Restart=always` nawe umeiua kwa mkono. Zima kwa `systemctl stop`.

Lakini systemd ina lake. Isipoelekezwa vingine, hungoja sekunde 90 kisha inapiga `-9` yenyewe. Kwa foleni yetu ya 9,000, zitakuwa zimetoka kama 900. Ongeza `TimeoutStopSec` ilingane na foleni yako.

“Nimefunga dirisha, kwa hiyo imezimika.”

Hapana. Kufunga terminali huleta ishara nambari 1, ambayo kwa Kannel maana yake ni kufungua upya mafaili ya logi.

“Ni joto la Mombasa.”

Joto hupunguza kasi ya prosesa, na likizidi mashine hujizima ghafla. Halifanyi programu ikatae kutoka. Feni ni nzuri, inunuliwe, ila si kwa tatizo hili.

“`-9` nayo ikishindwa, ni virusi.”

Tazama safu ya hali kwenye `ps`, amri inayoorodhesha programu zilizopo. Herufi Z ni programu iliyokwisha kufa ambayo mzazi wake, yaani programu iliyoianzisha, hajaiandika kifo. Haitumii kumbukumbu wala haitumi meseji, mshughulikie mzazi. Herufi D ni programu iliyokwama ndani ya kerneli, kwa kawaida ikingoja diski au hifadhi ya mtandao, na hakuna ishara itakayoigusa mpaka diski ijibu. Soma `dmesg`, ujumbe wa kerneli, uone ni diski gani inayolalamika. Isipojibu kabisa, hapo ndipo mashine nzima inawashwa upya.