Kuunganisha kompyuta za serikali si kuelewana
Wengi hudhani kwamba serikali ya nchi inayoendelea ikishaunganisha mifumo yake, taarifa zitaelewana zenyewe. Sivyo. Waya hubeba data, haubebi maana. Chukua neno “kaya”. Ofisi ya takwimu huenda ikawahesabu wanaokula pamoja, idara ya ardhi ikamtazama mwenye hati, na mfuko wa ruzuku ukamtazama mlezi wa watoto. Wakibadilishana orodha hivyo hivyo, mjane anayeishi kwa mwanawe anaweza kufutwa kwenye ruzuku, na hakuna kompyuta itakayoliona kosa hilo.

Kinachokosekana hapo ni ontolojia, yaani makubaliano ya maana yaliyoandikwa ili mashine iyafuate: kaya ni nini, na inahusianaje na mtu, makazi na ardhi. Si hifadhidata mpya. Kila idara hubaki na yake. Lugha ya kuiandika, OWL, ni kiwango cha W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, tangu 2004, na programu ya Protégé ya Chuo Kikuu cha Stanford hupatikana bure, kwa hiyo leseni si kikwazo. Kazi nzito, nami naisisitiza, ni kuwakalisha meza moja makarani wanaojaza fomu za idara hizo kila siku. Mtaalamu wa kompyuta peke yake hawezi kukisia kwa nini sehemu fulani ya fomu huachwa wazi.